Soprano wa opera kwenye studio ya jazi: kinachochosha koo si aina ya muziki

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni soprano, yaani naimba sauti ya juu ya kike, nina miaka 31. Nimesomea uimbaji wa klasiki kwa miaka tisa, na nimeimba kwenye kwaya za opera na nafasi ndogondogo jukwaani. Sasa nimepata prodyuza anayetaka turekodi albamu ya nyimbo kumi na mbili: aria nne za opera (nyimbo za mwimbaji mmoja), nne za jazi, nne za tamthilia za muziki. Studio tumepewa siku tano mfululizo. Mwalimu wangu wa sauti amekataa katakata. Anasema sauti ya kifua itaniharibu, na kwamba mshika mbili moja humponyoka, seuze tatu. Rafiki yangu anayepiga piano ya jazi naye anasema nikiimba jazi nasikika kama mtu anayesoma hotuba. Nilijaribu kurekodi nyimbo mbili za tamthilia nyumbani. Nilipomaliza koo lilikuwa limechoka, na kesho yake noti za juu zilikuwa nzito kutoka. Je, niendelee au nichague njia moja?"

Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, kwa sababu limebeba hofu mbili zilizosukwa pamoja. Ya kwanza ni ya mwili: je, nitaumia? Ya pili ni ya sanaa: je, nitasikika mwongo? Mwalimu wako ameshika ya kwanza, rafiki yako wa piano ameshika ya pili. Wote wawili wameona kitu cha kweli, ila sidhani kama wamekitaja kwa jina lake. Kuna pia jambo la tatu ambalo hukuliuliza, nalo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote: hizo siku tano mfululizo. Nitalifikia.

Tuanze na mwili. Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili ya nyama laini iliyomo ndani ya kikoromeo. Hewa ya mapafu ikipita, mikunjo hiyo hufunguka na kujifunga kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Ukiimba ile A iliyo juu ya C ya kati, hugongana mara 440 kwa sekunde. Ukifika C ya juu ya soprano, hugongana zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde. Hesabu aria moja ya dakika nne, toa nafasi za kuvuta pumzi, bado unazungumzia makumi ya maelfu ya migongano. Kama kugongana kwenyewe kungekuwa sumu, opera ndiyo ingekuwa ya kwanza kuua sauti za watu. Kinachodhuru ni kugongana kwa nguvu kupita kiasi, kwa muda mrefu bila kupumzika, na kuendelea kugonganisha nyuzi ambazo tayari zimevimba. Hilo linaweza kutokea kwenye opera, kwenye jazi, na hata ukizungumza kwenye chumba chenye kelele baada ya onyesho.

Hayo majina "sauti ya kifua" na "sauti ya kichwa" yamewachanganya wengi. Hakuna sauti inayozaliwa kifuani wala kichwani. Zote huzaliwa kwenye kikoromeo. Tofauti iko kwenye misuli. Kuna misuli inayozivuta nyuzi zikawa ndefu na nyembamba, na mingine iliyo ndani ya nyuzi zenyewe, inayozifupisha na kuzinenepesha. Soprano wa opera hutumia zaidi nyuzi nyembamba. Mwimbaji wa jazi na wa tamthilia hukaa karibu na sauti ya mazungumzo, yaani nyuzi nene. Wewe mwenyewe unatumia nyuzi nene kila siku unapomwita mtu au kuzungumza na simu, na hujaharibika. Taabu huanza pale unapozipandisha nyuzi nene juu vilevile zilivyo, bila kubadilisha chochote kinywani, halafu ukasukuma hewa ili zikubali.

Nadhani hapo ndipo ulipochokea. Nasema "nadhani" kwa sababu sijakusikia, lakini dalili ulizozieleza nimezisikia kwa waimbaji wengi wenye mafunzo kama yako.

Opera ilikufundisha kuwa kipaza sauti cha nafsi yako. Ukumbi mkubwa, okestra shimoni, hakuna waya wala umeme. Sauti ya okestra ina nguvu nyingi kwenye mitetemo ya karibu 500 kwa sekunde, ikipanda juu zaidi inapungua. Mwimbaji aliyefunzwa vizuri hukusanya mwangwi wa koo lake kwenye eneo la mitetemo kama 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra imepungua na sikio la binadamu ni jepesi kunasa. Ndiyo maana mtu mmoja anasikika juu ya watu themanini wanaopiga ala. Kwenu masoprano, mkipanda juu sana, hesabu inabadilika: mnateremsha taya na kukifungua kinywa ili mwangwi wake uifuate noti yenyewe. Sauti inakuwa kubwa na nzuri, lakini maneno yanafifia, kwa kuwa vokali zote huko juu huelekea kufanana. Hiyo ni gharama ambayo opera imekubali kuilipa.

Ile sauti kali ya tamthilia za muziki, inayoitwa beltingi, ina hesabu yake nyingine. Kinywa hufunguka kama cha mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Kikoromeo hupanda kidogo. Vokali huwa angavu, na mwangwi wa kinywa huibeba ile sauti pacha iliyo oktava moja juu ya noti unayoiimba. Mwangwi unafanya kazi kubwa, nyuzi zinafanya kazi kiasi. Sasa chukua nyuzi nene za beltingi, zipe kinywa cha opera chenye koo lililopanuliwa na vokali za mviringo. Mwangwi unaiacha noti bila msaada. Sikio lako linasema sauti ni ndogo, wewe unaongeza hewa, nyuzi zinapigana zaidi. Nyimbo mbili tu zinatosha kukuchosha, na kesho yake noti nyororo za juu zinachelewa kutoka. Basi mwalimu wako hakukosea kuogopa alichokiona. Alichokiona, kwa maoni yangu, ni mchanganyiko wa mbinu mbili zisizooana, na huo ungemchosha yeyote.

Sasa maikrofoni, maana humo ndimo jibu lako kubwa lilimo. Kabla ya mwaka 1925 waimbaji walirekodi kwa kuimba ndani ya pembe kubwa. Nguvu ya sauti pekee ndiyo iliyosukuma sindano ya kuchora sahani. Sauti kama ya mwimbaji wa opera Enrico Caruso ilikuwa neema kwa mashine ile. Mwaka 1925 kurekodi kwa umeme kulipoingia, kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuimba kama anayenong'ona sikioni mwa msikilizaji, na sahani ikamnasa. Uimbaji wa jazi ulikulia mikononi mwa maikrofoni hiyo. Ule ukaribu unaousikia ndio mtindo wenyewe.

Kwa hiyo kazi ambayo mwili wako ulifunzwa miaka tisa kuifanya, yaani kuifikisha sauti kwa mtu wa mstari wa mwisho, kwenye jazi inafanywa na maikrofoni. Iachie kazi yake. Ukiimba kwa nguvu ya ukumbi mbele ya maikrofoni iliyo shubiri moja kutoka midomoni, fundi wa sauti atakurudisha nyuma au atapunguza mawimbi, na msikilizaji atasikia mtu mkubwa aliye mbali. Ukiimba kwa kiwango cha mazungumzo, maikrofoni za studio zinazosikiliza upande mmoja zitakuongezea uzito wa chini kwa sababu ya ukaribu wenu. Unapata joto la sauti bila kulilipia kwa koo. Mara nyingi soprano akigundua hilo kwa mara ya kwanza hukaa kimya kidogo, halafu huomba asikilize tena, kwa sababu hakujua kuwa ana sauti hiyo.

Kwa aria mambo yanageuka. Hapo maikrofoni huwekwa mita kadhaa mbele yako, na chumba chenyewe huwa sehemu ya ala. Ukirekodi aria kwenye kibanda kidogo kilichofunikwa sponji, utasikika kama umefungiwa kabatini, na utasukuma zaidi kwa kuwa husikii mwangwi wako. Muulize prodyuza swali hili kabla ya jingine lolote: aria tutazirekodia wapi? Kama jibu ni kile kibanda cha jazi, albamu haijapangwa bado.

Umeniuliza kama inawezekana. Inawezekana, na waliofanya wapo, ila angalia walifanyaje. Soprano Eileen Farrell alitoa albamu yake ya nyimbo za bluzi na jazi mwaka 1960, mwaka uleule alioimba Metropolitan Opera ya New York kwa mara ya kwanza. Ukimsikiliza humjui kuwa ni yuleyule mwenye sauti kubwa ya kidrama: amezishusha nyimbo, anaimba palepale anapozungumza. Lakini alikuwa amefanya kazi redioni tangu miaka ya 1940, akiimba kila aina ya wimbo mbele ya maikrofoni. Renée Fleming alitoa *Haunted Heart* mwaka 2005 pamoja na mpiga piano Fred Hersch na mpiga gita Bill Frisell, akiwa tayari nyota wa opera, na watu wakashangaa jinsi alivyokaa chini kabisa kwenye sauti yake. Wasingeshangaa kama wangejua kwamba alipokuwa mwanafunzi aliimba jazi baa na bendi ya watu watatu. Audra McDonald alihitimu uimbaji wa klasiki Juilliard, chuo cha sanaa cha New York, mwaka 1993, mwaka uliofuata akapata tuzo ya Tony, ya tamthilia za Broadway, kwa *Carousel*, na mwaka 2007 akaimba opera ya Kurt Weill huko Los Angeles. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeiazima lugha ya pili kwa wiki moja. Waliishi nayo kabla ya kuirekodi.

Kisha kuna mfano ambao naupenda na unanisumbua kwa wakati mmoja. Mwaka 1984 Leonard Bernstein aliirekodi upya tamthilia yake ya muziki, *West Side Story*, kwa sauti za opera: Kiri Te Kanawa akiwa Maria, José Carreras akiwa Tony. Sauti hizo zikipanda pamoja kwenye wimbo wa wapendanao, nasisimka kila mara. Lakini Tony ni kijana wa mitaa ya New York, na Carreras alikuja na lafudhi ya Kihispania, huku Maria wa Puerto Rico akiimbwa na mzaliwa wa New Zealand. Kasoro kubwa zaidi, kwa sikio langu, ni kwamba vijana wale wanasikika wazee. Vibrato, yaani mtetemo wa sauti, imejaa tangu mwanzo wa noti, vokali zimeviringwa, na huruma ya maneno inabaki nyuma ya uzuri wa sauti. Kama waimbaji wa kiwango kile walikutana na ugumu huo wakiwa na mtunzi mwenyewe mbele yao, wewe usijilaumu kwa kusikika kama msoma hotuba. Lakini pia usidharau ugumu wenyewe.

Ezio Pinza alilitatua tatizo hilohilo kwa njia rahisi. Alikuwa mwimbaji wa besi, sauti nzito ya kiume, wa Metropolitan Opera kwa zaidi ya miaka ishirini, na mwaka 1949 akaingia Broadway, kwenye kumbi za tamthilia za New York, katika *South Pacific*. Hakubadilisha sauti. Nafasi yake ilikuwa ya Mfaransa mtu mzima mwenye shamba kisiwani, mtu ambaye sauti nzito ya kigeni inamkaa kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyake. Kwenye tamthilia za muziki kuna nyimbo nyingi za soprano zilizoandikwa kwa ajili ya sauti kama yako, hasa za kabla ya miaka ya 1960. Kati ya nyimbo zako nne, ningetaka tatu zitoke huko. Ya nne iwe ya mazungumzo, nyepesi. Beltingi ya juu iache kwa albamu hii. Hutaki kujifunza ufundi mpya mgumu kuliko wote huku saa ya studio inahesabiwa.

Nije kwa rafiki yako wa piano. Anaposema "hotuba" nadhani anasikia vitu viwili. Cha kwanza ni muda. Opera ilikufundisha kufika kwenye noti pamoja na kijiti cha kondakta, kiongozi wa okestra. Kwenye jazi mpigo unashikwa na besi na ngoma, na wewe una uhuru wa kuja nyuma yake kidogo, ilimradi unajua ulipo. Noti mbili zilizoandikwa sawa hazichezwi sawa: ya kwanza inarefushwa, ya pili inafupishwa, na kadiri wimbo unavyokwenda kasi ndivyo zinavyokaribiana. Hilo halisomwi kwenye karatasi, husikilizwa hadi liingie miguuni. Cha pili ni konsonanti. Kwako vokali ndiyo mfalme, sauti inatiririka bila kukatika. Kwenye jazi konsonanti ni ngoma yako ndogo. Unakata neno, unaacha hewa, unaanza noti bila mtetemo wowote, na vibrato inakuja mwishoni kama ikihitajika. Vibrato yako ya kawaida, ile ya mizunguko mitano hadi saba kwa sekunde, haina ubaya. Ubaya ni kuimwaga kwenye kila silabi.

Zoezi ninalowapa wanafunzi wangu ni hili. Mwombe rafiki yako arekodi piano peke yake ya wimbo mmoja. Kwa wiki nzima usiimbe. Sema maneno juu ya piano hiyo, kama unamwambia mtu mmoja jambo lililokutokea. Jirekodi kwa simu na usikilize. Wiki ya pili imba maneno hayo kwa noti tatu tu za katikati, ukilinda muda uleule wa kusema. Wiki ya tatu rudisha melodia. Kabla ya hapo shusha ufunguo wa wimbo kwa noti nne au tano chini ya ulipozoea, wakati mwingine hata zaidi. Kipimo ni rahisi: kama mstari huwezi kuusema kwa kimo hicho bila kuinua nyusi, bado uko juu mno. Na usione haya kama huwezi kubuni melodia papo hapo. Yehudi Menuhin, mpiga fidla wa klasiki, alipocheza jazi na Stéphane Grappelli, mpiga fidla wa jazi, miaka ya 1970, sehemu zake ziliandikwa. Wewe imba wimbo ulivyo, uache piano ibuni.

Kuna wimbo mmoja ningekushauri uuanzie: "Summertime" ya Gershwin. Umeandikwa kwa soprano ndani ya opera, *Porgy and Bess* ya mwaka 1935, kama wimbo wa kumbembeleza mtoto, kisha waimbaji wa jazi wakauchukua ukawa wao. Urekodi mara mbili nyumbani, siku mbili tofauti: mara moja kwenye ufunguo wa opera ukiwa umesimama mbali na maikrofoni, mara moja umeushusha na umeikaribia. Ukisikia tofauti hizo mbili bila kuambiwa na mtu, utakuwa umenielewa kuliko maandishi haya yote.

Sasa siku tano. Hapana. Nyimbo kumi na mbili za aina tatu kwa siku tano mfululizo si mpango wa sauti ya binadamu, ni mpango wa bei ya studio. Baada ya siku ya kuimba kwa nyuzi nene, nyuzi huwa na uvimbe mdogo usiousikia ukizungumza, na uvimbe huo ndio unaozuia noti nyororo za juu, zile ambazo aria zako zinazitegemea. Kwa hiyo aria zitangulie, siku mbili, ukumbini. Kisha pumziko la siku mbili kamili. Jazi ifuate, ikiwezekana bendi yote ikiwa chumba kimoja na wimbo ukiimbwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, maana jazi iliyoungwaungwa vipande hukosa pumzi. Tamthilia zije wiki nyingine kabisa. Na haya yote yaanze baada ya miezi minne au mitano ya mazoezi, si mwezi ujao. Kama prodyuza hawezi kusogeza tarehe, ningechagua aria na nyimbo za soprano za tamthilia, nikaiacha jazi isubiri albamu yake. Ni hasara ndogo. Albamu ya aina mbili zilizoiva ninaipendelea kuliko ya aina tatu ambazo moja ni mbichi.

Kila asubuhi ya kurekodi jipime hivi: imba kipande kifupi cha wimbo wa utotoni, juu sana na kwa sauti ndogo kabisa, kama hutaki kumwamsha mtu chumba cha pili. Noti zikichelewa kuanza, zikitoa hewa kwanza au zikikatika pale ambapo jana hazikukatika, nyuzi zimevimba. Usijaribu kuzifungua kwa nguvu. Ahirisha.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyatibu. Tafuta mwalimu anayefundisha uimbaji wa maikrofoni, akae chumba kimoja nawe angalau mara sita kabla ya studio. Kinywa na kikoromeo vinahitaji jicho na sikio la mtu aliyepo. Ukikwaruza zaidi ya wiki mbili, au noti za juu ulizokuwa nazo zisirudi baada ya siku kadhaa za kupumzika, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, na umwombe uchunguzi wa kamera yenye taa ya kumetameta inayoonyesha nyuzi zikitetemeka. Kuzitazama zikiwa zimetulia mara nyingi hakutoshi kwa mwimbaji. Ukisikia maumivu makali wakati wa kuimba, au sauti ikikatika ghafla katikati ya wimbo, simama hapohapo. Usinong'one, usijaribu mstari mmoja wa mwisho. Inaweza kuwa mshipa mdogo umepasuka kwenye nyuzi. Kaa kimya na umwone daktari siku hiyohiyo. Kwa sababu hiyohiyo usimeze aspirini ili uvumilie siku ya kurekodi bila kumwuliza daktari kwanza, maana huongeza hatari ya damu kuvuja.

Mwalimu wako usimpige chenga. Amekulea kisauti kwa miaka tisa na ana haki ya kuogopa. Mpelekee zile rekodi mbili za "Summertime" bila maelezo, mwache asikilize zote, kisha mwombe akuambie kama anasikia msukumo kwenye ile ya pili. Akisikia, mwamini, na urudi kwenye zoezi la wiki ya kwanza. Asiposikia, mwalike aje siku ya kwanza ya aria, akae na fundi wa sauti upande wa pili wa kioo.